Mzigo Usioandikwa Daftarini



Katika nyumba nyingi za kwetu yuko kijana mmoja, wa kiume au wa kike, aliyekwenda mjini kusoma mambo ya biashara. Wengine wako Dar es Salaam, katika Chuo cha Elimu ya Biashara kilichoanzishwa mwaka 1965. Wengine wako Kampala, katika chuo cha biashara cha Makerere kilichoundwa Nakawa mwaka 1997. Wengine wako Nairobi, Mwanza, Dodoma na kwingineko. Sisi tuliobaki nyumbani twamdhania kijana huyo kuwa ni mtu wa raha. Yuko mjini, avaa nguo safi, ajifunza kazi ya fedha. Lakini yeye mwenyewe, usiku, pengine amelala macho wazi akihesabu mbao za dari. Leo nataka kusema nanyi habari ya taabu hiyo, ambayo watu huiita msongo wa mawazo, na jinsi ya kuichukua bila ya kuvunjika.

Nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu.

KIJANA NA UKURASA MMOJA

Mimi nilikuwa karani wa hesabu wa chama cha ushirika cha kahawa hata nikastaafu, na vitabu vya hesabu navijua kama mkulima ajuavyo shamba lake. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha biashara. Likizo moja akaja kukaa kwangu. Akaniamkia vizuri, akala kidogo, akasema yu mzima. Lakini shingo yake ilikuwa imekonda, na mtu akimwita ghafula alishtuka kama aliyekamatwa kwa wizi.

Usiku nikaamka, nikaona mwanga chini ya mlango. Nikamkuta ameketi mezani, kitabu cha uhasibu ki wazi mbele yake. Nikarudi kulala, nikasema moyoni, Kijana huyu ana bidii. Usiku wa pili nikamkuta vile vile. Usiku wa tatu nikaingia, nikakitazama kile kitabu. Ulikuwa ukurasa ule ule wa usiku wa kwanza.

"Mjomba, hujalala?" akaniuliza.

"Usingizi wa mzee ni mfupi, mwanangu. Na wewe je?"

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kichwa changu kimejaa, mjomba."

"Kimejaa nini?"

"Kila kitu."

Nikamwambia, "Karani wako akikuletea kitabu kilichoandikwa: 'Kila kitu, shilingi nyingi,' utakipokea?"

Akacheka kidogo, na ndiyo mara ya kwanza nimwone akicheka tangu alipofika. Nikamletea daftari la shule, la kurasa arobaini, nikamwambia, "Haya. Andika deni moja moja." Nikamwacha. Aliandika hata jogoo wa kwanza. Asubuhi akanionyesha: mambo 19. Somo moja la mwaka wa kwanza aliloshindwa, ambalo lazima afanye mtihani wake tena. Kazi ya kikundi cha watu watano, na wawili kati yao hawafanyi neno. Kusimama mbele ya darasa zima kueleza mpango wa biashara kwa Kiingereza. Mahali pa kufanya mafunzo kwa vitendo, ambapo alikuwa bado hajapata. Shilingi 30,000 za rafiki yake. Na jambo la mwisho, la 19, lilikuwa fupi kuliko yote: "Ng'ombe wa mama."

Maana dada yangu aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya karo ya mtoto huyu, naye alikuwa hajui kwamba mtoto ameshindwa somo hata moja.

MSONGO NI NINI?

Watu wengine husema kwamba taabu hii ni uvivu, na wengine hunong'ona kwamba kijana amerogwa. Si hivyo. Mwaka 1936 daktari mmoja wa Montreal, katika nchi ya Kanada, jina lake Hans Selye, aliandika barua fupi katika gazeti la wataalamu liitwalo Nature. Alikuwa amewatia panya katika taabu za namna nyingi: baridi, majeraha, kazi ya kuchosha mno, na dawa kali. Akaona ajabu moja, kwamba ingawa taabu zilikuwa mbalimbali, mwili uliitikia kwa namna moja. Kwanza hupiga mbiu ya hatari. Kisha husimama imara na kushindana. Na taabu isipokoma, mwishowe huchoka na kuanguka. Katika panya wale alikuta na vidonda vya tumbo. Basi mwanafunzi ambaye tumbo lamsokota na moyo wamwenda mbio asijione kuwa ni mtu dhaifu. Ni mwili wake unapiga mbiu.

Tena, si kila msongo ni mbaya. Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua kati ya njia nyeupe na njia nyeusi, na kila panya alipokosa walimgusa kwa umeme. Katika fundisho lililo gumu, umeme hafifu mno haukuwafundisha upesi, na umeme mkali mno uliwachanganya. Uliowafaa ni ule wa kadiri.

Mama zetu walilijua jambo hili jikoni kabla ya wataalamu. Neno lenyewe latuambia: msongo hutoka katika kusonga. Unga usiposongwa hauwi ugali, huwa uji wa mabonge. Lakini sufuria isipoepuliwa, hata ugali uliosongwa vizuri huungua. Kijana asipopata haja ya kukaza mwendo hatajifunza kitu. Kwa hiyo kosa si kusongwa. Kosa ni kutoepuliwa. Na maneno yangu yote ya leo ni haya tu: mwanafunzi ajue jinsi ya kujiepua, nasi wa nyumbani tujue jinsi ya kumsaidia.

KWA NINI MWANAFUNZI WA BIASHARA?

Kila mwanafunzi ana taabu zake. Mwanafunzi wa udaktari ana zake, na wa ualimu ana zake. Lakini yule wa biashara ana mizigo mitatu ambayo yafaa tuijue.

Mzigo wa kwanza ni macho ya watu. Chuo cha biashara cha Harvard, huko Marekani, kilichoanza mwaka 1908, kina desturi ya kufundisha kwa visa vya biashara za kweli. Wanafunzi wapatao tisini huketi katika ukumbi mmoja, na mwalimu huita jina la mmoja wao bila ya kumwonya, amtake aeleze shida ya biashara ile na shauri ambalo angelitoa yeye. Maneno ya mwanafunzi darasani huhesabiwa katika alama zake. Desturi ya kufundisha kwa visa imeenea katika dunia, na kwetu tunayo kwa namna yetu. Mwanafunzi husimama mbele ya wenzake katika suti ya kuazima, akieleza jinsi ya kuongoza kiwanda ambacho hajapata kukiona, kwa lugha asiyoizungumza kwao. Tena hupewa kazi za kikundi, ambamo alama ya mwenye bidii na alama ya mvivu huwa moja.

Mzigo wa pili ni fedha. Kijana huyu mchana kutwa afundishwa faida na mtaji, na jioni hana nauli. Katika Tanzania Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, nayo imewasaidia wengi. Lakini si wote wapatao mkopo, na wapatao si wote wanaotimiziwa mahitaji yao yote. Wengine huuza nguo za mitumba au maandazi mabwenini ili wapate kula. Yafundishwayo darasani hayapatani na mfuko wake, na jambo hilo lamtia uchungu ambao mwanafunzi wa historia haujui.

Mzigo wa tatu ni aibu. Kijana amezungukwa na wenzake wanaosema kwa ushupavu, maana wamefundishwa kwamba mfanya biashara husema kwa ushupavu. Yeye ajiona peke yake ndiye asiyejua. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika habari za wanawake waliofaulu sana katika masomo na kazi, lakini mioyoni walijiona kuwa ni wadanganyifu, wakingoja siku watakapofichuliwa. Wengi darasani wana hofu hiyo hiyo, wala hakuna anayemwambia mwenziwe. Kila mmoja hutazama uso wa mwenziwe uliojengwa kwa ajili ya watu, akaulinganisha na moyo wake ulio uchi. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kulingana kamwe.

VITABU VITATU

Dawa iko katika masomo yake mwenyewe. Mwaka 1494 mtawa mmoja wa Kitaliano, Luca Pacioli, alipiga chapa mjini Venice kitabu kikubwa cha hesabu, na ndani yake akaeleza jinsi wafanya biashara wa mji ule walivyoweka vitabu vyao. Vitabu hivyo vilikuwa vitatu. Cha kwanza ni cha kumbukumbu: humo mambo yote ya siku yaliandikwa kama yalivyotokea, bila ya kupangwa. Cha pili ni jarida, ambamo mambo yale yalipangwa kwa tarehe. Cha tatu ni leja, ambamo kila hesabu ilipewa ukurasa wake. Mfanya biashara wa Venice hakubeba duka lake kichwani. Lakini mwanafunzi wa leo, afundishwaye kuandika kila senti ya kampuni asiyoimiliki, mawazo yake mwenyewe huyabeba bila ya kitabu.

Kitabu cha kwanza, cha kumbukumbu. Kila jioni mwanafunzi aandike yote yanayomsumbua, makubwa na madogo, bila ya kuchagua maneno. Mwaka 2011 wataalamu wawili, E. J. Masicampo na Roy Baumeister, walionyesha kwamba shughuli isiyokwisha humwingilia mtu katika fikira zake afanyapo kazi nyingine. Lakini akiisha kuipangia shughuli ile, lini na wapi na kwa njia gani, fikira hutulia, ingawa shughuli yenyewe bado haijafanywa. Ni kama mtoto amvutaye mama yake nguo: hunyamaza akiisha kuambiwa saa ya chakula, ilimradi aambiwe kweli.

Kitabu cha pili, jarida. Mpwa wangu nilimwambia ayagawe mambo yake 19. Mambo 6 yalikuwa ya kufanywa na mkono wake mwenyewe, nayo tuliyapa siku. Mambo 8 yalimhitaji mtu mwingine, mwalimu au rafiki au ndugu, nayo tukayaandikia jina la mtu na siku ya kumwona. Mambo 5 hayakuwa katika uwezo wake hata kidogo: kwamba kazi ni chache nchini, kwamba mwenzake ni mtoto wa tajiri, kwamba hajui maswali ya mtihani ujao, na mengine ya namna hiyo. Nikamwuliza, "Karani hufanyaje na deni lisilolipika?" Akajibu, "Huliandika kuwa limepotea, mjomba, ili mizania iseme kweli." Akachukua rula, akayapiga mstari yote matano.

Kitabu cha tatu, leja. Humo mwanafunzi ana kurasa nne, nazo azitazame mara moja kwa juma.

Ukurasa wa usingizi. Waganga wa mambo ya usingizi wa Marekani walitoa shauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima alale saa saba au zaidi kila usiku. Alalaye saa nne usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri amezipata. Wanafunzi wengi huzikopa saa hizi karibu na mtihani, nao hulipa riba kubwa, maana aliyesoma usiku kucha huingia mtihanini na akili nzito kama gunia lililonyeshewa. Mimi niliyelelewa na kahawa sitasema kahawa ni mbaya. Lakini nguvu yake hukaa mwilini. Kwa watu wengi, baada ya saa tano hivi nusu yake ingali imo. Aliyekunywa saa mbili usiku, saa saba usiku bado ana nusu kikombe ndani yake. Basi kahawa inywewe mchana.

Ukurasa wa masomo. Mwanafunzi mwenye hofu husoma kitabu kile kile mara nyingi, maana kukisoma kwampa faraja. Faraja hiyo ni ya uongo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa chuo kikuu kimoja mjini St. Louis, waliwapa wanafunzi habari fupi. Wengine waliisoma mara nne. Wengine waliisoma mara moja tu, kisha mara tatu wakajaribu kuiandika kwa kichwa. Baada ya dakika tano, walioisoma mara nne ndio waliokumbuka zaidi. Lakini baada ya juma moja, wao walikumbuka kama sehemu 40 katika 100, na wale waliojijaribu walikumbuka kama sehemu 61. Basi mwanafunzi wa uhasibu afunge kitabu, atwae karatasi tupu, aandae mizania kwa kichwa chake. Kisha afungue kitabu ajisahihishe. Mwanzo ataona haya kwa makosa yake. Lakini kosa la chumbani halina alama, na lile la mtihani linazo.

Ukurasa wa fedha. Siku fedha ifikapo, kwanza ahesabu majuma yaliyobaki hata mwisho wa muhula, aigawe fedha ya chakula na nauli kwa majuma hayo, kila juma na fungu lake. Mwenye kumdai asimkimbie, bali amwendee na tarehe mkononi: "Nitakupa kiasi hiki siku fulani." Mdai aliyepewa tarehe hulala, na mdaiwa hulala pia. Na ile mikopo ya upesi ipatikanayo kwa simu ya mkononi aiogope, maana wengi hulipa mmoja kwa kukopa mwingine, hata wasijue tena walianzia wapi. Hapo hapana haja ya mtaalamu. Somo lake la riba lamtosha.

Ukurasa wa watu. Aandike majina ya watu watatu ambao aweza kuwaambia kweli. Akiwakosa, hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote nne, nayo yafaa izibwe kwanza. Huko Zimbabwe watu wa lugha ya Kishona wana neno, kufungisisa, maana yake kufikiri mno, nalo ni ndugu wa neno letu tusemapo, "Yule ana mawazo." Daktari wa akili wa nchi hiyo, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wazee wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, waketi kwenye benchi nje ya zahanati, wamsikilize mwenye mawazo, na kumsaidia achague shida moja na kuitafutia njia. Jambo hilo likapimwa katika zahanati 24, na habari zake zikaandikwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, katika wale waliopata matibabu ya kawaida karibu nusu walikuwa bado na dalili za huzuni nzito. Katika wale walioketi na mabibi walikuwa kama 14 katika 100. Tazameni, mabibi wale hawakuwa na shahada. Walikuwa na masikio, na utaratibu wa kushika shida moja moja.

SIKU YENYEWE

Hata mwenye vitabu vizuri hutetemeka siku ya mtihani. Yako mambo mawili mepesi ambayo wataalamu wameyajaribu.

La kwanza: mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock, wa chuo kikuu cha Chicago, waliwaambia wanafunzi waandike hofu zao kwa dakika kumi kabla tu ya mtihani. Wale waliokuwa na hofu nyingi walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao wenye hofu kama hiyo ambao hawakuiandika. Hofu iliyowekwa karatasini haikukaa tena mahali pa hesabu.

La pili: mwaka 2014 Alison Wood Brooks, mwalimu wa kile chuo cha biashara cha Harvard, alionyesha kwamba watu waliojiambia "Nina hamu" kabla ya kuhutubia au kufanya hesabu walifaulu zaidi ya wale waliojilazimisha kusema "Nimetulia." Maana moyo uendao mbio hausikii amri ya kusimama; lakini mbio za hofu na mbio za hamu ni mbio moja, na mtu aweza kuzigeuza njia. Mpiga ngoma naye moyo humdunda kabla ya kushika ngoma, wala hasemi yu mgonjwa.

MANENO KWA WAZAZI NA WALIMU

Wazazi, nisikilizeni kwa upole. Mara nyingi tunampigia kijana simu na kumwuliza maneno mawili tu: "Masomo yanaendaje?" na "Utamaliza lini?" Naye hujibu, "Vizuri," na "Karibu." Hayo si mazungumzo. Mwulizeni amekula nini, rafiki yake ni nani, somo gani lampa taabu. Nanyi mkiwa na shida ya fedha nyumbani, mwambieni kwa kiasi, wala msimhesabie kila siku mlivyojinyima. Kijana ajua. Mbuzi na ng'ombe mliowauza ameshawahesabu usiku kuliko ninyi mchana.

Walimu, ninyi mwaweza kupunguza msongo bila ya kupunguza elimu. Toeni tarehe za kazi zote mwanzo wa muhula, ili mwanafunzi asikute kazi nne za siku moja. Katika kazi za kikundi, kila mmoja aandike sehemu aliyoifanya, na mwalimu aisome. Na mwanafunzi akishindwa, mwambieni ameshindwa nini na atengeneze nini. Alama isiyo na maelezo ni kama hati ya deni isiyo na jina la mdai.

Tena iko mizigo ambayo daftari halitoshi. Kijana akikaa majuma mawili bila ya kulala wala kula vizuri, akiacha mambo yote aliyoyapenda, akianza kunywa pombe ili asinzie, au akisema kwamba ni heri asingalikuwapo, msimfanyie hotuba na msimwache peke yake. Mpelekeni kwa mlezi wa wanafunzi wa chuo chake, na hospitalini siku hiyo hiyo. Hatuoni haya kumpeleka mwenye malaria. Na huyu naye ni mgonjwa, nayo dawa ipo.

MWISHO WA HABARI YA MPWA WANGU

Katika mambo 8 yaliyomhitaji mtu mwingine, lile la 19 ndilo aliloliahirisha. Kila siku alisema kesho. Siku moja kabla ya likizo kwisha nikamchukua, tukapanda basi pamoja hata kwa dada yangu. Baada ya chakula nikatoka nje kana kwamba naitazama migomba, lakini dirisha lilikuwa wazi.

Nikamsikia akisema, "Mama, nilishindwa somo moja. Nitafanya mtihani wake tena. Nisamehe kwa ajili ya ng'ombe."

Dada yangu alikaa kimya. Kisha akasema, "Ng'ombe niliwauza mimi, mwanangu, si wewe. Nami nilikwisha kuwalilia siku ile ile, nikamaliza. Wewe umekuwa ukiwalilia tangu lini?"

"Mwaka mzima, mama."

"Basi wametosha. Somo lenyewe ni lipi?"

Hakujua uhasibu hata kidogo, lakini alimfanya mtoto amweleze hata taa ikaisha mafuta.

Alirudi chuoni. Somo lile alilifanya tena, akafaulu, si kwa alama kubwa, bali kwa alama za kutosha. Msongo haukumwacha, muhula uliofuata ulikuwa na kazi nyingi kuliko ule wa kwanza. Lakini aliponipigia simu, alisema, "Mjomba, daftari la kwanza limejaa, nimenunua la pili." Nikamwambia kwamba hiyo ni habari njema, maana biashara ile tu inayokwenda ndiyo imalizayo daftari.

Basi, wasomaji, kama kijana wenu yu chuoni, mpigieni simu jioni hii. Msimwulize alama. Mwulizeni mzigo wake umeandikwa wapi. Naye akisema bado u kichwani, mpelekeeni daftari la kurasa arobaini. Kisha kaeni karibu, aandike.